Tapeti ya Kulia

Miezi kumi na minne niliilaza mezani,
BSA ya mwaka hamsini na nane, silinda mbili,
vipande vyake ndani ya mikebe ya biskuti,
kila mkebe na jina lake kwa kalamu ya risasi.
Pistoni mpya. Ringi mpya. Gasketi ya shaba
niliyoichoma motoni mpaka ikalainika.
Fimbo nne za valvu, zote katika handaki moja,
nikazipanga kwa kitana cha bati
huku nimebana pumzi,
kama anayesuka nywele za mtoto aliyelala.

Jumamosi nikapiga kiki.
Ya tatu ikaitika.
Nikacheka peke yangu, moshi wa buluu ukajaa bandani,
mvua ya Bethesda ikigonga paa la mawe,
kisha nikaisikia.
Tak.
Tak, tak, tak.
Si mvua ile.

Nikazima. Nikafungua. Nikapima upya,
injini ikiwa baridi, kama kitabu kinavyotaka.
Nikawasha. Tak.
Usiku saa ya ukutani ikanisimanga kwa sauti ileile.
Debe tupu ndilo huvuma, nilifundishwa,
lakini debe hili nimelijaza mwenyewe
kwa pauni ambazo sikuwa nazo.

Nikamwita Nesta Prydderch wa nyumba ya pili.
Alifuma mablanketi kiwandani tangu ana miaka kumi na sita
mpaka mitambo ikamla masikio yote mawili.
Hasikii mlango. Hasikii kengele ya kanisa.
Akaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha roka,
mpini akaung'ata kwa meno,
akafumba macho.
"Ya kulia," akasema.
Na kweli ndiyo iliyokuwa ikilia.

Tukafungua. Akapitisha ukucha kwenye ncha ya roka:
kibonde, kidogo kuliko punje ya ulezi.
"Kipimo chako kinapita juu kama daraja.
Hakijui kuna shimo chini.
Kinakudanganya, maskini, na chenyewe hakina habari."

Nilishika spana. Robo ya mzunguko tu,
niikaze inyamaze, nipate usingizi.
Akanipiga mkononi kama mwanafunzi.
"Inayogonga inafunga.
Ukiibana haitasema kitu. Itabaki wazi kama unywele,
moto utapita ukingoni na kuila kidogokidogo,
nawe utaisifu kwa utulivu wake."
Akaondoka na kikombe changu cha chai.

Nikabaki juu ya kreti.
Nyumba hii nayo ilitulia, mwaka juzi.
Macsen aliacha kubamiza milango,
akaacha kunibishia habari ya oili, ya siasa, ya mama yake.
Kila nilichosema: "Sawa, baba."
Nikawaambia watu, kijana amekua sasa.
Mwezi Machi akabeba begi moja akaenda Cardiff.
Mikebe mitatu ya kwanza ina mwandiko wake.
"Roka," ameandika, na chini yake, "usiguse, mzee."

Roka nyingine itafika Alhamisi.
Nesta anasema hata hiyo itagonga, ila kwa adabu.

Jioni nikapiga simu. Sikujua pa kuanzia,
basi nikaiwasha, nikalaza simu juu ya tangi.
Tak, tak, tak.
Upande wa pili, kimya.
Basi likapita mahali fulani nyuma yake.
Kisha:
"Umepima ikiwa moto?"
"Baridi."
"Baridi kweli, au baridi yako?"
"Baridi, Macsen."
"Hebu ivute kidogo."
Nikavuta. Madirisha yakatetemeka.
"Ni ya kulia," nikapaza sauti, "Nesta amethibitisha!"
"Nesta ni kiziwi, baba!
Sikiliza vizuri, kwa mara moja maishani mwako, sikiliza,"
naye akipiga kelele mpaka simu ikakwaruza,
"ni ya kushoto!"